Hilux yenye matairi makubwa: kubadilisha difu Mbeya, mtumba au seti mpya?

Hilux ya dizeli isiyo na tabo, ile ya injini ya 3L au 5L, ukiivua tairi za 205R16 na kuivalisha 285/75R16 inapendeza machoni, lakini mlimani inachosha. Kipenyo cha tairi kinatoka kama milimita 742 hadi 834, ongezeko la asilimia 12, na deni hilo lote linalipwa na injini. Kutoka Uyole kupanda Isyonje, na magunia ya viazi nyuma, gia ya tatu inakufa na ya pili inalia. Wapo wanaokimbilia kuongeza dizeli kwenye pampu. Wanapata moshi mweusi kuliko nguvu, kwa sababu huku juu kinachopungua ni hewa. Dawa yake ni kubadilisha difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye tairi, iwe ya namba kubwa zaidi.

Kwa difu ya inchi 8, Mbeya utauziwa mojawapo ya vitu viwili: jozi ya mtumba kutoka Japani inayofungwa kama ilivyo, au seti mpya ya krauni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ambayo fundi anaipanga ndani ya difu yako mwenyewe.

Kwanza namba: ni mara ngapi propela, shafti inayoleta nguvu kwenye difu, inazunguka kwa mzunguko mmoja wa tairi. Kama gari lilikuja na 4.10, zidisha kwa 834, gawa kwa 742, unapata 4.61. Iliyo karibu ni 4.56 (meno 41 kwa 9). Kwa gari la Dar es Salaam au Dodoma hiyo inatosha kabisa. Kwa gari la Nyanda za Juu Kusini chukua 4.88 (39 kwa 8). Ukifika Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya moja ya tano, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho kabla hujapakia hata gunia moja. Na usifikirie kupanda tu. Kushuka Mlima Nyoka au Kitonga ukiwa na mzigo, gia ya pili yenye 4.88 inalishika gari vizuri zaidi, breki zikapumzika. Gharama yake? Ukiwa kwenye gia ya nne, kilomita 80 kwa saa, injini itazunguka kama mara 2,550 kwa dakika, wakati tairi za kiwandani na 4.10 zilikuwa kwenye 2,400. Hapo hakuna cha kulalamikia. 5.29 iacheni: pinioni yake ina meno 7, ni nyembamba, na barabara ya lami itakuchosha.

Sasa mtumba. Kwa pikapu ya kazi, huu ndio ununuzi bora, kwa sharti moja: hesabu mwenyewe. Maneno ya "hii ni ya Surf" hayana meno. Dukani, weka alama kwenye krauni, hesabu meno yake na ya pinioni. Kama difu bado iko kwenye gari, inua tairi moja la nyuma, jingine libaki chini limewekewa kigingi, gia iwe huru, kisha zungusha lile lililoinuliwa mara 20. Propela ikizunguka mara 41 ni 4.10, mara 45 na nusu ni 4.56, karibu 49 ni 4.88. Kagua meno kwa kidole: ukihisi ngazi au ukiona vishimo kama ngozi iliyotoboka, rudisha. Kisha tikisa flanji ya pinioni, pale propela inapofungwa, juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha na hiyo si difu tena, ni chuma chakavu. Uzuri wa mtumba mzima ni kwamba krauni na pinioni zilizeeka pamoja na zilipangwa kiwandani. Kazi ya fundi ni kufungua propela, kuvuta ekseli nje kidogo, kufungua nati 10 na kubadilisha. Sili za ekseli ziwe mpya, maana za zamani zikishavutwa huvuja hadi kwenye breki.

Seti mpya ni nzuri sana mikononi mwa fundi mwenye vifaa, na ni hasara tupu kwa asiye navyo. Kabla ya kuacha gari uliza vitu vitatu: saa ya kupimia mchezo (uwazi kati ya meno), spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), na rangi ya kupakwa kwenye meno ili kuona yanagusana wapi. Mchezo kati ya krauni na pinioni uwe milimita 0.13 hadi 0.18. Bolti 10 za krauni zikazwe kwa Nm 97, zikiwa safi na zimepakwa gundi ya nyuzi. Beringi mpya za pinioni zishike kwa Nm 1.2 hadi 1.9 ukizungusha kwa mkono. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: bushi inayokandamizwa katikati ya beringi ikikazwa kupita kiasi hairudi. Fundi anayelegeza nati kidogo ili "isawazike" ameshaua kazi. Bushi mpya inahitajika, na aanze upya. Akiwa na bushi ngumu ya kupangwa kwa shimu (vyuma vyembamba vya kurekebisha nafasi), mpeni alama za juu.

Rangi ndiyo inayosema ukweli. Alama ikae katikati ya jino. Ikizama shinani, pinioni imeingia mno na shimu iliyo nyuma ya kichwa chake ipunguzwe. Ikikimbilia kileleni, iongezwe. Gereji ikikukabidhi gari bila kukuonyesha alama hiyo, jiandae kusikia mlio ukifika kilomita 60 kwa saa.

Mbele na nyuma zibadilishwe siku moja. Namba zisipolingana, ukiingiza 4x4 kitu kitavunjika, kwa kawaida kwenye gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kwa Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele, difu za mbele na nyuma ni ndugu na kazi ni nyepesi. Vigo na Revo zina difu ya mbele ya kufunguka vipande viwili, na hiyo hailipi kupewa fundi wa kujifunzia.

Spidi mita nayo inabadilika. Ukiweka matairi makubwa bila kugusa difu, ikisoma 50 wewe uko 56, na trafiki wa tochi hasikilizi hesabu. Baada ya 4.88 kinyume chake: ukiwa 80 itaonyesha kama 85.

Oili iwe ya difu yenye alama GL-5, 80W-90 au 85W-90. Nunua lita 6, jaza mpaka ianze kumwagika tunduni. Seti mpya iendeshwe taratibu dakika 20, ipoe kabisa, kisha kilomita 800 bila mzigo wala kuvuta tela, halafu oili yote imwagwe. Unga wa chuma kwenye sumaku ya bolti ni kawaida. Vipande vyenye kona si kawaida, na hapo gari lirudi gerejini siku hiyohiyo.