Bati gani la kununua Goma kabla mvua ya Septemba haijaanza

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi kule Birere ukauliza bati, utaulizwa swali moja tu: BG ngapi? BG ni namba ya unene wa bati, na namba ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi. Unataja namba, unatajiwa dola, mnaanza kupatana bei. Ila kwa mji wetu swali lenye uzito zaidi ni lile lisiloulizwa: bati hilo limepakwa nini juu ya chuma?

Volkano yetu ya Nyiragongo si lazima ilipuke kama ilivyofanya 1977, 2002 na 2021 ndipo itugharimu. Moshi wake una dioksidi ya salfa, una pia gesi za klorini na floraini, na vyote hivyo vikikutana na unyevu vinageuka asidi. Bati la kawaida linalindwa na ngozi nyembamba ya zinki, na zinki haiwezi asidi. Maji yakishuka chini ya pH 6 (pH ni kipimo cha asidi, na namba ikishuka asidi inazidi), inaanza kulika kwa kasi. Aluminiamu inavumilia mpaka karibu pH 4. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama paa litadumu au utarudi dukani mapema.

Watu wengi hulaumu mvua kubwa. Mvua kubwa ina nafuu, kwa sababu inaosha paa. Kinachokula bati ni umande wa usiku na manyunyu, maji machache yenye asidi nyingi, yanayokaa pale bati mbili zinapopandiana na kuchelewa kukauka. Panda ngazi uangalie paa kuukuu: kutu imeanzia kwenye maungio na kuzunguka misumari, katikati ya bati bado panang'aa. Upepo mara nyingi hupeleka moshi magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Kwa hiyo aliye Ndosho au Mugunga ana sababu zaidi ya kuyasoma haya kuliko wa katikati ya mji.

Nafasi ya kwanza: bati la rangi ya kiwandani lenye aluzinki chini yake

Aluzinki ni mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni kidogo. Juu yake kiwanda kinaongeza rangi iliyookwa kwenye joto. Asidi inakutana na rangi kwanza, halafu aluminiamu. BG 28 ikiwezekana, BG 30 ikibidi. Ukilazimika kuchagua kati ya zinki tupu BG 28 na bati la rangi la aluzinki BG 30, chukua la pili bila kusitasita. Unene wa chuma hausaidii kitu ngozi ikishaisha. Angalizo ni kwamba si kila bati la rangi lina aluzinki. Mengine ni zinki nyembamba iliyopakwa rangi ili ipendeze. Uliza, na uombe jibu liandikwe.

Rangi yenyewe chagua unayoipenda. Nyekundu iliyokolea hupauka kwa jua letu la mita 1,500, lakini kupauka si kuoza.

Nafasi ya pili: aluzinki isiyo na rangi, BG 30

Kwa nyumba ya mbao ya familia ya kawaida, mimi naona hapa ndipo pesa inapofanya kazi vizuri zaidi. Ni nyepesi na inarudisha joto la mchana. Adui yake ni saruji mbichi: usiache fundi apake mota pembeni ya ukuta igusane na bati, itaichoma. Hata nyaya za shaba zisilale juu yake.

Nafasi ya tatu: zinki BG 28, ukipaka rangi mwenyewe

Inafaa kama utaifanya kazi yote. Rangi ya mafuta ya kawaida ukiipaka moja kwa moja kwenye zinki mpya itabanduka vipande vipande, maana zinki na mafuta hayo haviishi pamoja. Osha bati kwa sabuni, suuza, liache likauke kabisa, paka rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki, kisha rangi ya juu. Paka kabla ya kupigilia, ili kingo zitakazofunikwa nazo zipate. Anayesema atapaka mwaka ujao ajihesabu yuko nafasi ya nne.

Nafasi ya nne: zinki BG 32

Jiko la nje, choo, banda la kuku. Kwa nyumba ya kulala, hapana, ila kama mvua imeshakukuta na mfuko umebana.

BG 35 siipi nafasi. Inakunjika ukiishika mikono miwili, na upepo wa kabla ya mvua unainyanyua hadi watu wanaweka mawe juu ya paa. Jiwe nalo linakwaruza ngozi na kushika maji chini yake, na kutu inaanzia hapohapo. Bati la mitumba lipime kwa macho: liinue kuelekea jua, na ukiona matundu ya mwanga kama nyota, mwachie mwenyewe.

Vigae vya udongo ni vizuri, Bukavu bado vipo juu ya nyumba za zamani, lakini mita moja ya mraba inafika kilo 40 na zaidi, na nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe ya volkano haikujengwa kubeba hivyo. Fibrosimenti ya zamani, yaani bati la saruji, ina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu; ukiikuta juu ya nyumba uliyonunua, usiikate wala kuivunja.

Mizani haidanganyi

Muhuri wa BG 28 unaweza kugongwa kwenye bati lolote. BG 28 halisi ina unene wa milimita 0.4 hivi, BG 30 ni 0.31, BG 32 ni 0.25, BG 35 haifiki 0.18. Jicho halioni tofauti hiyo, mizani inaiona. Chukua bati la mita 3 lililotoka kwenye karatasi ya upana wa sentimita 90. Likiwa BG 28 litakuwa na kilo 8 na nusu hivi, BG 30 kilo 6 na nusu, BG 32 kilo 5 na kidogo, BG 35 halifiki 4. Funga mabati kumi kwa kamba, yatundike kwenye mizani ya kupimia maharagwe, gawanya. Muuzaji akikataa mizani, ameshajibu.

Pima na urefu pia. Mita 3 ziwe mita 3. Bati moja likishapandishwa na mwenzake linafunika mita za mraba 2 hivi, kwa hiyo paa la mita za mraba 48 linataka mabati 24, na mawili ya akiba.

Kutoka dukani hadi juu ya nyumba

Kama yanakuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yafungwe na gunia katikati ya kamba na bati. Kamba tupu inakwaruza rangi njia nzima. Yakinyeshewa yakiwa yamerundikwa, yatenganishe siku hiyohiyo uyakaushe, vinginevyo yanaota unga mweupe kabla hata hujayapigilia. Fundi akate kwa mkasi wa bati. Mashine ya diski inaunguza ngozi ya ukingo, na cheche zake zikiangukia bati zinaacha madoa ya kutu. Misumari iwe mipya, yenye kofia na mpira, ipigwe juu ya wimbi. Bati la juu lipande la chini sentimita 15 hadi 20.

Agosti mafundi wote wameshikwa. Julai ndiyo mwezi wa kuwapata.

Kama unakinga maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja: paa la mita 48 kwenye mvua ya milimita 20 linatoa lita 960, bidoni 48 za lita 20. Maji ya dakika za kwanza yaache yaende na majivu, vumbi na asidi iliyolala juu. Yanayofuata ni ya kufua na kuoshea. Ya kunywa ni jambo jingine, hasa upande unaopigwa na moshi, kwa sababu ya floraidi: kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi. Bati lililozibwa kwa lami usikinge ya kunywa kabisa.

Kwenye fakitire, yaani ankara ya muuzaji, iandikwe namba ya BG, aina ya ngozi, urefu na idadi. Hesabu mabati mwenyewe kabla chukudu haijaondoka.