Bampa la IST limeachia pembeni: brakti mpya za dukani zinafaa?

Assalam alaykum ndugu watazamaji. Leo nipo uwani kwetu hapa Fuoni, Zanzibar, chini ya mwembe, na mbele yangu ipo Toyota IST ya mwanzo, zile zilizotoka 2002 mpaka 2007. Gari ni ya dada yangu. Anasomesha skuli ya Chwaka, kwa hiyo kila siku ya kazi inakwenda na kurudi.

Hebu sogeeni muone hapa kulia, upande wa dereva. Hapa chini ya taa ndipo bampa linapokutana na fenda, yaani bati la juu ya tairi la mbele, na ukipitisha mkono ilitakiwa uhisi mstari tu. Sasa tazameni: kidole changu cha shahada kinaingia mpaka kiungo cha kwanza. Na hizi skrubu mbili za bati zilizotokeza juu? Dada aligusa ukingo wa barabara akiegesha, pembe ikaachia, akapeleka kwa fundi mmoja mjini. Yule fundi akatoboa bampa, akatoboa na fenda, akakaza. Haijafika miezi minne, na kwa hewa yetu hii ya chumvi, skrubu zimeshatiririsha kutu juu ya rangi. Hili linaniuma kweli. Bati la fenda likishatobolewa likaachwa wazi, kutu inalila kwa ndani na wewe huoni.

Na bampa lenyewe ni zima! Kilichovunjika ni hiki nilichoshika. Mafundi wanaiita brakti ya pembeni. Ni kipande cha plastiki, urefu wake kama kiganja, kinafungwa kwenye fenda, kina meno kama kitana, na ukingo wa bampa unakuja kunasa kwenye meno hayo. Hapa meno mawili hayapo, na hili la tatu limefanya weupe kwenye shina. Plastiki ikishakuwa nyeupe hivi pale ilipokunjika, ujue imekwisha.

Basi nimenunua jozi mpya, siyo orijino, shilingi 18,000 kulia na kushoto. Ukienda dukani usiseme tu "brakti ya IST", nenda na ile ya zamani mkononi. Na ukitaka orijino, kwa Toyota nyingi namba ya kishikizi hiki huanza na 52115 kwa kulia na 52116 kwa kushoto, zinazofuata zinategemea gari, kwa hiyo mpe muuzaji namba ya chesisi.

Lakini kabla hujatoa pesa, simama mbele ya gari utazame boneti. Nafasi kati yake na fenda iko sawa kulia na kushoto? Taa zimekaa sawa? Kama boneti imekwenda upande au taa imerudi nyuma, tatizo lako ni chuma cha ndani kilichopinda, na brakti hata kumi hazitakusaidia. Hapo ni kwa fundi wa bodi, avute chuma kwanza. Ya dada nimeipima, iko sawa.

Kufungua si kazi kubwa. Nimezima gari, nikatoa skrubu ya ndani ya upinde wa tairi kila upande, boliti za chini kwa spana namba 10, na klipu za juu, zile pini za plastiki chini ya boneti. Klipu unainua kichwa cha katikati kwa bisibisi bapa, kisha unaitoa nzima. Ukiikwanyua kwa nguvu utaivunja. Halafu hapa ndipo wengi wanapoharibu: pembe ya bampa huvutwi kwenda mbele. Unashika hapa kwenye upinde wa tairi, unavuta kuja nje, kama unafungua mlango, meno yanaachia moja moja. Ta, ta, ta, mmesikia? Kama gari yako ina taa za ukungu, chomoa plagi zake kwanza. Na mlaze bampa juu ya jamvi, rangi isichubuke.

Sasa brakti zenyewe. Ya kushoto imeingia kama imezaliwa na gari. Ya kulia, nasema kweli, imekaa chini kidogo, kama unene wa sarafu. Nilitaka kukasirika, kisha nikaona tundu lake ni la yai, linakupa nafasi ya kusogeza. Nikalegeza, nikaisukuma juu kwa kidole gumba, nikakaza. Plastiki yake ni ngumu kuliko ya Japani, haipindi sana, kwa hiyo usiibamize kwa ngumi. Ukingo wa bampa ulikuwa umepinda, nikaumwagia maji ya moto ya birika, ukalainika, nikaunyoosha taratibu.

Kurudisha, usikaze kitu mpaka mwisho. Nasisha pembe zote mbili kwanza, tia klipu za juu, halafu kaza kutoka katikati kwenda pembeni. Na ufanye kivulini, kwa sababu plastiki iliyokaa juani inatanuka, na ukiipanga saa saba mchana, jioni mistari haifanani.

Lile boksi la klipu mchanganyiko mnaloliona linauzwa, mimi silipendi. Nyingi ni nyembamba kuliko tundu, zinaingia na kutoka. Pima tundu, nunua za saizi yako, hata kama ni sita tu.

Sasa zimepita wiki tatu tangu nizifunge, na kipande hiki cha mwisho ninakirekodi leo. Dada ameendesha muda wote huo, matuta yote ya njia ya Chwaka, na mvua mbili kubwa za masika. Ile siku ya maji mengi nilikuwa na wasiwasi, maana maji yakisukuma bampa kwa chini ndiyo yanayong'oa. Tazameni leo: ukucha hauingii. Kwa bei hii nazipa mkono, ila kagua meno dukani, ukiona jino lina ufa, rudisha.

Zile tundu za skrubu kwenye fenda nimezipiga msasa, nikatia rangi ya kuzuia kutu, Jumamosi nitaziba. Dada anakuja kuchukua gari baada ya alasiri, klipu mbili za akiba nimemtilia kwenye dashibodi.