Tanzanaiti na yakuti samawi: nimezivaa zote miaka sita

Nilikuwa na pete mbili za buluu. Moja ilikuwa na tanzanaiti niliyojinunulia mwenyewe. Nyingine ni yakuti samawi niliyoachiwa na shangazi, ambaye hakuwa akiivua hata anapokanda unga. Nimezivaa kwa zamu miaka sita, moja ikipumzika, nyingine kidoleni.

Kwa rangi, sibishani na mtu: tanzanaiti haina mpinzani. Ukiigeuza polepole dirishani unaona buluu, kisha zambarau, na usiku chini ya taa ya manjano zambarau ndiyo inayotawala. Jiwe ambalo halijapashwa moto huwa na rangi ya tatu, ya kahawia. Moto wa nyuzi 500 hadi 600 hivi ndio unaoifuta. Yakuti nayo hubadilika ukiigeuza, ila ni kutoka buluu kwenda buluu yenye ukijani, tena inataka jicho lililozoea. Ya shangazi usiku huwa nyeusi kama wino. Siipendi usiku.

Sasa tuje kwenye ugumu, maana hapa ndipo nilipolia. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, yakuti iko 9, imepitwa na almasi tu kati ya mawe ya asili tunayovaa. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Nilidhani tofauti hiyo ni ya vitabuni. Kumbe vumbi la kawaida lina chembe za kwazi, madini ya kwenye mchanga, ambazo ni 7, na mimi kila jioni nilikuwa nikiifuta pete yangu kwa kitambaa kikavu. Yaani naipiga msasa kwa mkono wangu mwenyewe! Mwaka wa tatu niliiweka chini ya kioo cha kukuzia: kingo za juu zilikuwa zimelika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Ya shangazi, yenye umri kunizidi, kingo zake bado zinakata mwanga.

Halafu nikaigonga tanzanaiti yangu kwenye bomba la sinki. Si kwa nguvu. Tanzanaiti ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi, kama kuni inavyofuata nyuzi zake, na ukigongwa hapo ufa unanyooka moja kwa moja. Yakuti haina udhaifu huo. Kwa sababu hiyo hiyo tanzanaiti haifai kuingizwa kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi ya nywele laini vinatosha.

Kuna jambo dogo la uzito ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Yakuti ina uzito mara 4 ya maji, tanzanaiti mara 3.35 hivi. Mawe yangu yote mawili yalikuwa na karati 2.1, lakini la tanzanaiti lilionekana kubwa waziwazi. Anayetaka jiwe lionekane kubwa kwa karati zile zile, hapo anafaidi.

Kwa pete ya kila siku nachagua yakuti bila kufikiri mara mbili. Tanzanaiti ni ya hereni na kidani, mahali pasipogongwagongwa. Sonara alilikata upya jiwe langu kuuondoa ufa, likabaki karati 1.4, na sasa linaning'inia shingoni. Ya shangazi naifulia nguo.