Upanga wa Nero unataka sikio: uzoefu wangu na Devil May Cry 5

Devil May Cry ni mfululizo wa gemu za kupigana na mashetani kwa panga na bunduki. La kwanza lilitoka 2001 kwenye PS2, la nne likaja 2008, kisha sisi wapenzi wa mfululizo huu tukangoja miaka kumi na moja mpaka la tano lilipotoka tarehe 8 Machi 2019. Hapo katikati, 2013, lilitoka DmC la studio ya Ninja Theory, ambalo lilianza hadithi upya. Hili la tano limerudi kwenye hadithi ya zamani, chini ya Hideaki Itsuno, aliyeongoza pia la tatu na la nne. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa raha ya mikono, hakuna gemu la mfululizo huu linaloligusa. Kwa mandhari limenivunja moyo, na nitaeleza ni wapi.

Una misheni 20 na wahusika watatu: Nero, V na Dante. Nero ndiye anayekupokea, na ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. Wengi humaliza gemu zima wakimchezesha kama mtu mwenye panga la kawaida. Upanga wake, Red Queen, una mshikio kama wa pikipiki, na kitufe cha L2 ndicho mafuta yake (vitufe vyote nitakavyotaja, pembetatu, mraba na duara vikiwemo, ni vya pedi ya PlayStation). Ukikivuta, kipimo kilicho kando ya alama ya uhai kinajaa, nacho kina vyumba vitatu. Kila chumba kilichojaa kinalipa pigo moja lenye moto, zito zaidi na pana zaidi. Njia ya pole ni kusimama mbali na kuvuta L2 mara kadhaa. Njia yenyewe ni kuvuta katikati ya pigo. Ukiwahi vizuri unajaza chumba kimoja, huo ni ustadi unaoitwa Ex-Act. Ukipata nukta yenyewe, vyote vitatu vinajaa kwa mpigo mmoja, nayo ni MAX-Act. Zote mbili hununuliwa kwa Red Orb, sarafu ya ndani ya gemu, na mimi nasema zitangulie kabla ya madoido mengine.

Gemu linakwambia kwamba MAX-Act ipo, lakini namna ya kuipata halikufundishi. Ingia The Void, uwanja wa mazoezi, uweke adui mmoja asiyeshambulia. Piga pigo moja tu la pembetatu, na L2 uibonyeze mara moja pale upanga unapopita. Moja tu. Ukiigonga ovyo mara tano kwa matumaini kwamba moja itaangukia mahali pake, kidole hakitajifunza kitu. Pigo la kwanza likishatulia, ongeza la pili, kisha la tatu, kwa sababu kila pigo lina wakati wake na yale ya angani ni ya haraka kuliko ya chini. Usikodolee kipimo. Sikiliza injini. MAX-Act ina mngurumo wake mzito, na moto unawaka upangani papo hapo. Sikio huizoea kabla ya jicho.

Ikiwa umejitahidi jioni nzima na bado hupati, angalia televisheni kabla ya kujilaumu. Gemu linaenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 17. Televisheni inayosafisha picha kwanza ndipo iionyeshe inaweza kukuchelewesha fremu kadhaa, na nukta ya MAX-Act ni finyu kuliko huo ucheleweshaji. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya televisheni. Kwenye kompyuta jaribu kuzima V-Sync, mpangilio unaolazimisha picha ziendane na mwendo wa skrini. Pedi ya waya nayo inasaidia.

Mkono wa kulia wa Nero ni wa bandia, nayo mikono hiyo, Devil Breaker, iko ya aina nyingi. Gerbera inarudisha risasi na kukurusha pembeni hata ukiwa angani. Ragtime inapunguza mwendo wa adui. Punch Line ni ngumi ya roketi unayoweza hata kuipanda. Kero ni kwamba huchagui mkono upendao katikati ya pambano: unaipanga kwa foleni kabla, na ili ufikie wa pili sharti uuvunje wa kwanza kwa L1 au uupoteze kwa kupigwa ukiwa unautumia. Najua wengi wanalichukia hili. Mimi nalipenda, maana linakulazimisha kutumia vitu badala ya kuviweka akiba, na huo mlipuko wa L1 wenyewe unakutoa mikononi mwa adui aliyekukaba. Weka mikono ya bei nafuu mwanzoni mwa foleni, na ile unayoitaka kwa bosi iwe ya mwisho.

V sitamsemea mengi. Yeye hapigi. Anawatuma Shadow, chui anayejibu pembetatu, na Griffon, ndege wa radi anayejibu mraba, huku mwenyewe amesimama nyuma. Hao wawili humfikisha adui ukingoni tu, hawawezi kumuua, na ni lazima V mwenyewe aende kummaliza kwa fimbo yake. Kosa la kila mgeni ni kubonyeza vitufe vyote na kusahau alipo V, kumbe huyo ndiye mwenye uhai wa kupotea. Weka macho kwake. Mnyama wake akizimia, msogelee ili ainuke haraka. Nightmare, lile jitu, linakula vyumba vitatu vya Devil Trigger, kipimo cha nguvu za kishetani, basi liitie kundi kubwa au bosi. Ni mhusika mzuri kuonja, ila kwenye ugumu wa juu vita vyake vinageuka fujo ambayo huoni nani kampiga nani.

Dante ni bahari. Ana mitindo minne, unayoibadili kwa vitufe vya mishale bila kusimama: Trickster ya kukwepa, Swordmaster ya upanga, Gunslinger ya bunduki na Royal Guard ya kukinga. Ukijaribu kujifunza yote siku moja utaishia kutumia mmoja. Anza na miwili. Mpandishe adui kwa High Time (shikilia R1, vuta analogi nyuma, kandamiza pembetatu mpaka upande naye), mchape angani kwa duara la Swordmaster, kisha geuza Trickster umfuate anapoanza kudondoka. Hiyo ikizoeleka ongeza Royal Guard, ukifanyia mazoezi kwa Hell Caina, adui mwenye mundu, kwa kuwa anainua silaha polepole na unaona pigo linatoka wapi. Silaha zenyewe ni karamu: pikipiki Cavaliere inayogawanyika mara mbili, King Cerberus ya barafu, moto na radi, na Dr. Faust, kofia inayotumia Red Orb zako kama risasi. Hiyo kofia usiichezee kabla hujanunua ustadi unaoutaka.

Kuna adui mmoja anayekatisha watu tamaa: Fury, yule mjusi anayepotea na kutokea. Ukimkimbiza umekwisha. Simama, subiri makucha yake yaje, kisha mpige upanga wakati huohuo. Silaha zinagongana, anapoteza nguvu, na hapo ndipo unamwaga kombo yako yote, yaani mapigo yako mfululizo.

Kuhusu ugumu, Human na Devil Hunter ni darasa tu. Ukimaliza Devil Hunter inafunguka Son of Sparda, na kwangu gemu linaanzia hapo, kwani maadui wanachanganywa upya na wanashambulia kwa nia. Dante Must Die inawapa maadui nao nguvu za Devil Trigger. Halafu kuna Bloody Palace, mapambano mfululizo ya ghorofa 101 na saa inayohesabu kurudi nyuma, iliyoongezwa bure Aprili 2019.

Sasa lalamiko langu. Mitaa ya Red Grave City mwanzoni inapendeza sana: vioo vilivyovunjika, magari yaliyopinduka, mizizi imepasua lami. Kisha unaingia ndani ya mti wa Qliphoth, na kwa misheni nyingi unatembea kwenye mapango ya rangi ya nyama yanayofanana mpaka huwezi kuyatofautisha. La nne lilikurudisha njia uliyopita, na hilo halikuwa zuri, lakini kasri na msitu wake bado navikumbuka. Halafu Trish na Lady, wenzake Dante waliochezeka kwenye toleo maalumu la nne la 2015, hapa wanatazamwa tu. Hilo limeniuma.

Kwa anayetaka kununua: kwenye kompyuta tenga GB 35, RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 760 kwa uchache. Pigia bando hesabu, ila ukishapakua hadithi yote unaicheza bila intaneti. Ukikosa fremu 60, shusha kwanza ubora wa vivuli na wa picha, usivumilie mkwamo, maana kila nilichosema kuhusu MAX-Act kinategemea fremu zisiyumbe. Red Orb zinauzwa pia kwa pesa halisi, na hazina haja. Ukirudia misheni kwa ugumu wa juu zinajaa zenyewe. Kitu pekee kinachodai subira ni ile mikogo ya Ex Provocation, Red Orb milioni 3 kila mmoja.

Vergil, pacha wa Dante, anakuja na Special Edition ya PS5 na Xbox Series ya Novemba 2020, na wenye PS4, Xbox One au kompyuta walimpata kama nyongeza ya kulipia mwezi uliofuata. Mnunue. Ana kipimo cha utulivu kinachopanda ukipiga kwa uhakika na kutembea pole, na kinachoshuka ukikimbia, ukikosa au ukipigwa. Kwa hiyo toa mkono kwenye mbio zote ulizojifunza kwa Dante: tembea, shikilia pembetatu, uachie pale tu ala ya upanga wake, Yamato, inapong'aa.