Phoenix ya ringi 28 kwa safari ya kulala porini: Tabora inafaa, milima ya Kigoma hapana

Anayepanga kwenda kulala porini kwa baiskeli mara ya kwanza huanza kwa kuulizia baiskeli ya gia. Kwa mkazi wa Tabora, swali la kwanza liwe jingine: je, ile Phoenix nyeusi ya ringi 28, yenye breki za vyuma na keria nyuma, ambayo pengine tayari imeegemea ukuta wa nyumbani, inatosha? Tunasema inatosha. Kwenye nchi tambarare kama Unyamwezi ni chaguo bora kuliko gia nyingi za mtumba, mradi fundi aifungue yote kabla ya safari na mzigo ukae chini. Haya tunayoyasema yanazihusu pia ndugu zake za aina hiyo hiyo kutoka China na India, maana maungo yao hayatofautiani sana.

Tuanze na uzuri wake. Fremu ni ndefu, kwa hiyo gurudumu la nyuma limekaa mbali na kisigino na mfuko wa pembeni haugongwi na mguu. Keria ni ya chuma, imefungwa kwenye ekseli na si kwenye skrubu ndogo za fremu. Ringi ya nyuma huwa na spoki 40 na ya mbele 32, wakati baiskeli nyingi za kisasa zina 36 au chini ya hapo. Kubwa zaidi, tairi, tyubu, golori na spoki zake zinapatikana kwa fundi wa chini ya mwembe katika vijiji vingi vya mkoa. Ukivunjikiwa na kishika gia cha Shimano kijijini, safari imeisha. Ukivunjikiwa na spoki ya Phoenix, umepoteza nusu saa.

Uzito wake ni kama kilo 20 bila kitu chochote. Kwenye tambarare uzito huo haukusumbui ukishashika mwendo. Kinachosumbua ni jino, yaani gia yake moja isiyobadilika. Baiskeli nyingi za aina hii hutoka dukani na meno 44 au zaidi mbele na 18 nyuma. Kwa 44 na 18 na tairi ya 28 kwa 1½, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 5.5. Mtu asiye na mzigo kwenye lami ataona raha. Mwenye kilo 20 za mzigo, upepo wa mashariki na changarawe atabonyeza kwa magoti mpaka yaume. Mwambie fundi akuwekee friwili (duara la meno la gurudumu la nyuma) ya meno 20, au 22 ikipatikana: ya 20 inakupa mita 4.9 kwa mzunguko, ya 22 mita 4.5. Unapoongeza meno, mnyororo unaweza kuwa mfupi. Kwanza sogeza gurudumu mbele kwenye mkato wake, na ikishindikana ongeza kipande cha mnyororo. Mnyororo uliofungwa vizuri unacheza kama sentimita 1 hadi 2 juu na chini katikati. Ukikazwa zaidi ya hapo unakula golori za ekseli.

Sasa kota pini, na hapa tunaomba msomaji atulie, kwa sababu ndiyo inayowakwamisha watu wengi njiani. Kota pini ni kile kipande cha chuma chenye ubapa upande mmoja kinachoshika kranki, yaani mkono wa pedeli, kwenye ekseli ya pedeli. Kwenye baiskeli mpya mara nyingi imekazwa kwa nati tu. Nati haina nguvu ya kuivuta pini mpaka ikae. Kazi yake ni kuizuia isirudi. Pini inakazwa kwa nyundo. Weka chuma kizito au jiwe gumu chini ya kranki ili pigo lisiende kwenye golori, piga pini mapigo machache ya uhakika, kisha kaza nati, endesha kilomita tano, urudie. Dalili ya pini iliyolegea ni pedeli kuruka kidogo kila inapopita sehemu ile ile ya mzunguko. Ukiendelea kuendesha hivyo, ubapa wa pini unalika, halafu unaliwa ubapa wa ekseli, na hapo pini mpya haitasaidia. Beba pini moja ya akiba iliyokwisha kujaribiwa kwenye kranki yako, kwa kuwa vipimo vyake vinatofautiana.

Baiskeli mpya inunuliwe mwezi mmoja kabla ya safari, isiwe wiki moja. Dukani inaunganishwa haraka na grisi huwa kiduchu. Fundi afungue habu (vitovu vya magurudumu) zote mbili, ekseli ya pedeli na shingo ya usukani, aoshe kwa mafuta ya taa, ajaze grisi, arudishe koni, zile nati zinazoshika golori, bila kubana. Baada ya kilomita 50 za matumizi ya kawaida, spoki zitakuwa zimelegea, zipigwe upya. Spoki hukatika zaidi gurudumu la nyuma upande wa friwili kwa sababu upande huo umevutwa zaidi. Ikikatika njiani, izungushe kwenye jirani yake isichome tyubu wala kunasa mnyororo, shuka usukume penye mashimo, na ufike kwa fundi. Spoki nne na nati zake, zilizopimwa kwenye gurudumu lako mwenyewe, zifunge kwenye bomba la fremu kwa mpira.

Valvu za aina hii zina kipira chembamba ndani. Kikikauka kinapasuka, na mtu anaitafuta pancha isiyokuwepo kwa saa nzima. Kabla ya kutoa tyubu, weka mate kwenye mdomo wa valvu. Likitokea povu, badilisha kipira. Kipande cha sentimita 3 kinatosha, na vipande vitano havijazi hata kiganja. Pancha za kweli za Tabora ni za miiba. Kagua tairi kwa vidole kabla ya kurudisha tyubu, maana mwiba uliobaki utatoboa kiraka chako mita mia mbele. Ukikuta matundu mawili yanayotazamana, huo si mwiba: upepo ulikuwa mdogo na ringi imeibana tyubu kwenye jiwe. Kwa mzigo, jaza nyuma mpaka kidole gumba kibonyeze kwa shida, mbele punguza kidogo. Beba tyubu moja, viraka, gundi ambayo haijakauka, spana, nyundo ndogo na pampu yako mwenyewe.

Breki za vyuma zinabana upande wa ndani wa ringi. Zikiwa kavu na zimepangwa, zinatosha kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, ambao ndio mwendo wako halisi ukiwa na mzigo. Zikilowa, hazishiki mpaka ringi ijifute. Barabara yenye matuta madogo hulegeza nati za viatu vya breki, kwa hiyo kila mapumziko zishike kwa mkono.

Mzigo. Kosa la kawaida ni kurundika kila kitu juu ya keria, kama gunia la mkaa. Mwenye gunia la mkaa anasukuma kwa miguu kwenye mchanga na anaijua njia yake, wewe utayumba. Mpe fundi turubai akushonee mifuko miwili iliyounganishwa juu, kila mmoja kimo sentimita 35, upana 30, kina 12, yenye ubao mwembamba au kipande cha ndoo ya plastiki upande wa gurudumu ili isiingie kwenye spoki. Chini ya kila mfuko kuwe na kitanzi cha kufungia karibu na ekseli, la sivyo mfuko utapiga kila shimo. Vitu vizito vikae chini na mbele ya ekseli. Juu ya keria panabaki mkeka na blanketi tu. Kufungia, hakuna kinachoshinda mikanda ya tyubu kuukuu, upana wa sentimita 3. Kamba ya katani inalegea mzigo ukishuka, mpira unaufuata.

Maji ndiyo uzito wenyewe. Mtu anayeendesha kwenye jua la Septemba asipange chini ya lita 5 za kunywa kwa siku, na lita 3 za kupikia na kunawa jioni. Dumu mbili za lita 5, moja kila upande, zinajitosheleza na zinasawazisha mifuko. Dumu moja ya lita 10 upande mmoja itakuvuta mtaroni. Chakula kisichohitaji kupikwa kinaokoa maji, na hapa Tabora ina utajiri wake: matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga za kukaanga na asali. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi, ni mizuri lakini inataka maji na moto wa muda mrefu, iache nyumbani safari ya kwanza.

Kilomita 30 hadi 40 za kwenda zinatosha kabisa. Barabara ya lami ya kwenda Sikonge ni kama kilomita 70 mpaka mjini, kwa hiyo nusu yake ni siku nzuri ya kwanza, halafu unaingia kijiji kimojawapo cha kando. Upande wa Bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji, kuna njia za vumbi na magari ni machache, ila mchanga upo. Tairi ya 1½ inazama. Shuka usukume, ukijaribu kuendesha kwa nguvu utaharibu kota pini ulizozikaza. Ondoka saa 12 na nusu asubuhi, pumzika saa 6 hadi saa 9, uwe umefika saa 10 jioni. Jua linazama karibu saa 1 kasoro robo, na baiskeli isiyo na taa haipaswi kuwa barabarani malori yakipita.

Kulala porini hakumaanishi kujificha. Misitu mingi mkoani ni hifadhi, na ndani yake unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa safari ya kwanza lala kwenye ardhi ya kijiji: fika ofisini kwa mtendaji au kwa mwenyekiti kabla jua halijateremka, piga hodi, jitambulishe kwa kitambulisho, sema unataka kulala usiku mmoja na utaondoka asubuhi. “Shikamoo mwenyekiti, mimi mgeni wako” hufungua zaidi ya barua. Mgeni asiyejulikana akionekana na tochi vichakani usiku, sungusungu watamfuata, na wana haki. Mwenyekiti pia atakwambia pasipofaa: njia ya ng'ombe, mbuga inayopitiwa na fisi, au chanzo cha maji. Kwa chanzo cha maji usingoje kuambiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

Jambo ambalo vitabu vya nje havitakufundisha ni mizinga. Kwenye miombo ya Tabora, tazama juu kabla ya kushusha mzigo. Ukiona mzinga wa gome au gogo umetundikwa, ondoka mita mia kadhaa, na usiwashe moto upande unaopeleka moshi kule. Nyuki wetu wakichokozwa hawaishii kukufukuza hatua kumi. Moto wenyewe, Agosti na Septemba, ni bora usiwepo; ukilazimika kuuwasha, fagia majani mpaka udongo mtupu mita 3 kila upande na uuzime kwa maji mpaka jivu lishikike kwa mkono.

Hema si lazima wakati wa kiangazi. Chandarua chenye dawa kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, kimo cha kifua, pindo zikiingia chini ya mkeka, kinatosha, na turubai la mita 2 kwa 3 linangoja pembeni. Juni na Julai usiku wa Tabora unashuka hadi nyuzi 15 au chini kidogo, kwa hiyo blanketi moja zito, si shuka. Kagua ardhi kama kuna siafu kwa tochi kabla ya kutandika, na chakula chote kitundikwe mbali na ulipolala.

Kusini ya Sikonge na kuelekea Ugalla, ambayo tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, kuna mbung'o. Wanafuata kinachotembea, na rangi ya bluu na nyeusi inawavuta. Vaa kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu, kitambaa kizito, kwa sababu chembamba wanakichoma. Ukipata homa wiki zinazofuata, mweleze daktari kwamba ulikuwa porini, apime na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kwa safari ya kwanza huko tusingekwenda.

Na Kigoma? Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na njia ya Kalinzi kuelekea Manyovu inapanda hadi zaidi ya mita 1,400. Baiskeli ya jino moja yenye mzigo utaisukuma sehemu kubwa ya mpando, na kwenye mteremko breki za vyuma hazina uwezo wa kuishika kwa usalama, hasa ringi zikilowa. Huko nunua ya gia, hata ya mtumba, yenye meno 28 au 32 nyuma, breki za waya zenye viatu vipya, na keria iliyofungwa kwenye ekseli. Mwenye Phoenix Kigoma aanzie Ujiji, afuate barabara ya tambarare, na asipeleke mzigo mlimani.