Silinda ya tatu: kipimo cha shilingi 1,500 kilivyonitoa kwenye ramli

Taa ya injini iliniwakia Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya Museum Hill. Kufika Westlands, usukani ulikuwa ukitetemeka kila niliposimama, na ule mlima wa Waiyaki Way kuelekea Kangemi gari liliupanda kwa kujikokota, malori yakinipita. Ni Toyota Fielder ya 2010, injini ya 1NZ-FE, silinda nne, kilomita 214,000 kwenye dashibodi. (Za Japani zilikuwa ngapi kweli, Mungu ndiye ajuaye.)

Gereji ya kwanza siitaji. Fundi alisikiliza muungurumo kwa nusu dakika: "Inamisi, bosi, silinda moja haiwaki vizuri. Hiyo ni koili, ile inayoipa plagi umeme." Tukabadilisha koili zote nne na plagi nne, shilingi 14,600 zikaenda. Taa ikazimwa, nikaondoka nikipiga mluzi. Ilirudi kabla sijafika Pangani. Nilipompigia simu akaniambia basi sasa ni nozeli, ile inayopulizia petroli. Koili zangu za zamani sikuziona tena, na leo naamini zilikuwa nzima.

Hapo nikaenda Luthuli Avenue nikanunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa Bluetooth, shilingi 1,200. Kilisoma msimbo wa hitilafu P0303. Ingekuwa P0300, maana yake injini inamisi bila mpangilio. Tarakimu ya mwisho ikiwa 1 hadi 4, hiyo ndiyo silinda yenyewe. Pesa zangu sizijutii, lakini kijue kwa mipaka yake: kinakuonyesha nyumba yenye matanga, hakikwambii marehemu aliuawa na nini.

Aliyeniambia ni fundi wa pili, wa Baba Dogo, niliyeelekezwa na jirani. Huduma yake ndiyo hasa ninayoisifu. Hakukubali kwamba koili ni nzima kwa sababu tu ni mpya. Koili ya silinda ya tatu aliihamishia ya kwanza, plagi ya tatu akaipeleka ya pili, akafuta msimbo, tukazunguka mtaa mara mbili. Kama koili ndiyo mbovu tungepata P0301. Kama plagi, P0302. Ikarudi P0303 ile ile. "Nozeli tuiache kwanza," akasema. "Tupime pumzi."

Kipimo hicho cha kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, kilinigharimu shilingi 1,500. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, waya za nozeli zichomolewe, betri iwe na nguvu, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho wakati wa kupiga stata. Mtu huyo nilikuwa mimi. Silinda ya kwanza hadi ya nne, geji ikasoma psi 165, 168, 95, 162. Nilikuwa nimeshaona mtandaoni kwamba injini hii inatakiwa kusoma zaidi ya hapo, nikaanza kuingiwa na baridi. Akacheka: Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, geji haiwezi kusoma kama ya Mombasa. Nisitishwe na namba, nitazame tofauti. Na tofauti ilikuwa wazi.

Akatia kijiko cha oili ndani ya silinda ya tatu, akapima tena: 98. Ringi, zile pete za pistoni, zingekuwa zimechoka, oili ingeziziba na namba ingepanda sana. Kisha akaisimamisha pistoni juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, akapuliza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, akaniambia niweke sikio kwenye ekzosi. Ssss. Valvu ya kutolea moshi. Hewa ingetokea kwenye tundu la kumiminia oili, ni ringi. Rejeta ingetoa mapovu, ni gaskiti ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini.

Injini hii haina tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu) za kujirekebisha zenyewe. Kadiri miaka inavyokwenda valvu inazama kwenye kiti chake, nafasi inabana, mwisho haifungi vizuri na moto unaila. Nafasi ya valvu za ekzosi inatakiwa kuwa milimita 0.25 hadi 0.35 injini ikiwa baridi. Kwenye ile ya tatu hata bati la kupimia la 0.10 lilikataa kuingia.

Hedi ikashuka. Valvu moja mpya, nyingine zikasagwa, gaskiti mpya, na tapeti ya unene tofauti juu ya valvu. Jumla shilingi 31,500. Aliahidi siku mbili, zikawa nne, na simu hapokei akiwa na kazi mkononi, hilo lilinikera. Lakini valvu iliyoungua alinikabidhi mwenyewe bila kuulizwa, na kabla sijalipa alipima tena mbele yangu: ya tatu ikasoma 161.

Jambo moja nililofanya vibaya: siku ya pili taa ilianza kumetameta nami nikaendelea kuendesha hadi Kikuyu. Ikiwaka tu, jikokote hadi kwa fundi. Ikimetameta, egesha, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalisti ya ekzosi, ile inayosafisha moshi, na kuiyeyusha. Yangu ilinusurika.

Sasa nina wiki tano. Kangemi napanda bila kusali. Kuna jasho dogo la oili kwenye kifuniko cha juu cha injini. Jumamosi narudi Baba Dogo, na fundi amesema hilo hanilipishi.