Kitabu cha bluu cha Murphy: kilichonitoa kwenye 5.5 ya IELTS

Naandika hii kwa ajili ya manesi wenzangu na yeyote anayejiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, huku yuko kazini, maana naijua ile hali ya kufungua matokeo unakuta sehemu tatu ziko poa af kuandika kumekuangusha. Mara ya kwanza nilipata 7 kusikiliza, 7 kusoma, 7 kuongea, kuandika 5.5. Na NMC, ndo baraza la manesi na wakunga la Uingereza, wanataka 7 kwenye hizo tatu na 6.5 kwenye kuandika. Yaani bendi moja tu, ndo wanavyoziita alama za IELTS, ilikuwa imesimama kati yangu na safari, na ada ya mtihani kwa mshahara wa nesi siyo hela ya kuchezea.

Kabla ya hapo nilikuwa nimelipia tuisheni sehemu moja hapa Dar, silitaji jina, tukapewa karatasi za sentensi za kumeza, zile za kufungulia insha na za kufungia. Nikazimeza zote. Tatizo ukishamaliza sentensi ya kumeza inabidi uandike ya kwako mwenyewe, na hapo ndo makosa yangu yote yalikuwa yananisubiri. Insha inasahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, kimoja ni grama na kingine ni msamiati, kwahiyo nusu nzima ya maksi iko kwenye hivyo viwili na mimi nilikuwa navipita kama havipo.

Kitabu chenyewe ni English Grammar in Use cha Raymond Murphy, wanachapisha Cambridge, kipo tangu 1985 na toleo la tano lilitoka 2019, ndo ninalo. Kina yuniti 145, kila moja kurasa mbili tu, kushoto maelezo na mifano, kulia mazoezi. Basi. Ukitoka shifti ya usiku huna nguvu ya kusoma sura ya kurasa 30, ila hizi kurasa mbili unazifungua ziko zote mbele ya macho yako, unasoma, unajaza, unasahihisha, nusu saa umelala.

Sasa niwaambie kwanini nakipenda hivi. Makosa yangu mengi yalikuwa yanatoka kwenye Kiswahili changu, na hakuna aliyewahi kunionyesha hilo, si shule si chuo. Kiswahili kina sehemu kibao ambapo neno moja linatosha na Kiingereza kinakulazimisha uchague. Chukua ile -ni yetu ya mwisho. Mezani, ukutani, kazini, hospitalini, kitandani, zote -ni, hakuna anayeumiza kichwa. Kwa Kiingereza ni "on the table", "on the wall", "at work", "in hospital", na kitandani ndo kabisa, mgonjwa aliyelala kajifunika yuko "in bed" ila nguo ulizoziacha juu ya kitanda ziko "on the bed". Yuniti ya 123 mpaka 125 zinakupitisha hapo taratibu, moja moja, na mazoezi yanakubana mpaka uchague.

Au chukua -me-. Sisi tunasema amelala, amevaa, amekaa, zote -me-, na tunazungumzia hali aliyonayo mtu sasa hivi. Miaka yote kwenye ripoti ya kukabidhi wodi nilikuwa naandika "the patient has slept" nikimaanisha kalala muda huu, kumbe anayesoma anaelewa mgonjwa alishalala na kazi hiyo imeisha, ilitakiwa "is asleep". Amevaa barakoa siyo "has worn a mask", ni "is wearing a mask". Af kuna lile la "tumempokea mgonjwa jana saa nne usiku", kwa Kiswahili halina shida hata kidogo, ila ukiandika "we have received a patient yesterday" umeshapoteza, kwasababu ukitaja jana, muda umefungwa, inatakiwa "we received". Yuniti ya 7 mpaka 14 ndo ziko hapo na mimi nilizirudia mara mbili kwa penseli, nikimaliza nafuta naanza upya. Siku nilipoelewa hilo la jana nilikaa kimya pale mezani kwa muda, nikikumbuka ni ripoti ngapi nimeandika hivyo.

Kuna na "a" na "the". Lugha yetu haina hivyo vitu. Nilichukua insha yangu moja ya zamani nikazungushia duara kila mahali zilipokosekana, nikapata duara 19 kwenye maneno 250 na kidogo. 19! Anza na yuniti ya 72 usonge mbele, usiruke, ni ndefu na zinachosha lakini ndo zilizonipandisha kuliko kitu kingine chochote. Na ya 69 na 70 ndo zile za vitu visivyohesabika, "advice", "information", "furniture", sisi tunasema ushauri, taarifa, fanicha bila kujali moja au nyingi af tukiandika tunabandika s.

Jinsi ya kukitumia: usianze yuniti ya kwanza kwenda ya 145, utakata tamaa ukifika ya 30. Nyuma kuna sehemu ya maswali ya kuchagua jibu, unayajibu, yale yanayokushinda yanakuelekeza yuniti ipi uende. Mimi nilitoka na kama 50 hivi. Af baada ya kila yuniti andika sentensi tano za kazini kwako, za mambo yako halisi, hilo halimo kwenye kitabu ni la kwangu, ila bila hivyo utajaza mazoezi vizuri na kwenye insha utarudi kulekule.

Kuhusu kununua, hakikisha jalada limeandikwa "with answers". Lipo toleo lisilo na majibu, lile ni la darasani, kwa mtu anayesoma peke yake halina msaada. Mimi kwanza nilinunua kopi steshenari fulani, imefungwa vizuri na spairo, kufika nyumbani nakuta kurasa za majibu zimeachwa na pembeni maneno yamekatwa. Elfu kumi na tano ikaenda hivyo. Baadae nikapata orijino iliyotumika kwa wale wanaopanga vitabu chini kule Posta, nikaikagua kurasa kwa kurasa nimesimama palepale juani, na ndo nawashauri mfanye hivyo hivyo. Kama Kiingereza chako bado kichanga kuna kaka yake mwekundu, Essential Grammar in Use, anza na huyo wala usione aibu. Wa kijani ni wa walioendelea.

Kwa upande wa msamiati nilitumia ndugu yake, English Vocabulary in Use ya Stuart Redman, yuniti 100 na mpangilio uleule. Kizuri kuliko vyote humo ni kukuonyesha neno gani linakwenda na lipi. Fikiria sisi: tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, na mgeni akisema "fanya pasi" unajua hapo hapo. Kiingereza nacho kina piga zake. Wanasema "make a mistake" lakini "take an exam", "heavy rain" lakini "strong wind", na mimi niliyekuwa naandika "big rain" na "do a mistake" ndo nilikuwa yule mgeni. Kwahiyo niliacha kuandika neno moja moja na maana yake kwenye daftari, nikawa naandika jozi. Na spelingi msiidharau, kwenye kusikiliza ukikosea herufi jibu limekosewa lote, "accommodation" ina c mbili na m mbili, iandikeni mpaka mkono uizoee.

Kitu ambacho msikitegemee hapa ni kufundishwa kupanga insha au kuelezea grafu, siyo kazi ya hiki kitabu, na hakuna wa kukusahihishia. Mimi nilimlipa mwalimu mmoja wa sekondari jirani yangu awe ananisomea insha moja kila Jumamosi, nikamwomba aache mengine yote azungushie grama tu. Insha ya mwisho kabla ya mtihani ilirudi na duara tatu.

Miezi minne. Nikarudia, kuandika nikapata 6.5 kamili, hizo nyingine hazikushuka.

Kitabu chenyewe saivi kiko kwa mdogo wangu mmoja wa wodi ya wazazi, wiki iliyopita aliniambia kafika yuniti ya 72. Majibu yangu ya penseli niliyafuta yote kabla sijampa, ilinichukua jioni mbili.